Kutulia na kutembea Mikindani na Msimbati: panga kwa jua na maji

Watu wengi wakija Mtwara wanashuka stendi, wanamaliza kilichowaleta, wanageuza, halafu wanasema hakuna kitu cha kufanya huku. Sikubaliani kabisa. Ukipata siku tatu nne unapumzika kweli na mwili unachangamka, ila ratiba iache iongozwe na jua na maji ya bahari, ukija na ratiba ya ofisini utachoka bure.

Msimu kwanza. Juni mpaka Oktoba ndo kukavu, kusi linapuliza, usiku unalala vizuri. Desemba mvua zinaanza, joto la jasho, na barabara za vumbi zinageuka tope. Mi ningechagua Agosti au Septemba, kipindi hicho nyangumi wanapita bahari ya huku, ukichelewa mpaka Oktoba sawa tu, utakuta korosho zinaokotwa na mabibo yananukia kila kona.

Sasa hili ndo watu hawaliangalii, mwezi. Ukiandama na ukiwa mpevu ndo kunakuwa na bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, na siku hizo huku maji yanakupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, kwa hiyo asubuhi unatembea kwenye mwamba mbali huko unaangalia kaa na viumbe vya kila rangi, jioni maji yamekufata mpaka karibu na minazi unaogelea. Vaa yeboyebo au raba za zamani, kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, ukimkanyaga mmoja likizo imeharibika. Kama unakuja na watoto tafuta siku za maji mafu, bahari inakuwa haiendi wala hairudi sana. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, ukijua ya leo umejua na ya kesho. Au muulize mvuvi, akiwa mtu mzima anza na shikamoo, atakuelekeza vizuri tu.

Lala Mikindani, kama kilomita 10 kutoka mjini ukifuata barabara ya Lindi, bajaji na daladala zipo. Ni mji wa zamani wenye nyumba za mawe ya matumbawe na milango ya kuchonga, Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866, na Boma la Wajerumani la 1895 sasa hivi ni hoteli. Bajeti ikibana chukua gesti Mtwara mjini. Saa kumi na mbili asubuhi panda mlima ulioko nyuma ya Boma, jua halijawa kali, unaiona ghuba yote na mikoko na mitumbwi inarudi, halafu shuka ukanywe chai na maandazi. Saa sita mpaka saa tisa lala, tafadhali usiruke hiyo, joto la pwani likishakuchosha jioni hufanyi chochote. Mji una Waislamu wengi, ukitoka ufukweni jifunge khanga au vaa suruali ndo upite mtaani.

Msimbati, kijiji chenye ufukwe, itengee siku nzima. Iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kiingilio kipo, so beba kitambulisho maana raia analipa kidogo kuliko mgeni. Toka mapema, beba maji ya kutosha na cash. Mchanga wake mweupe, mlaini, gari dogo litazama tu, liache pagumu utembee kwa mguu, ila kama una gari la juu punguza upepo kwenye matairi kabla hujaingia. Kuogelea ogelea pale wenyeji wanapoogelea, na mdomoni mwa Ruvuma usiingie majini kabisa, mto ule una mamba na viboko.

Chakula hakisumbui. Ukiona mama ana ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa, nunua, unamenya unatafuna hivyo hivyo njiani. Pweza muagize asubuhi kabla hujaenda kutembea, anachemshwa muda mrefu mpaka alainike, ukisubiri mpaka njaa iume utakaa sana.