Jinsi ya Kusoma Alama ya Kitako kwenye Kauri ya Kichina

Anayeniletea sahani ya kauri huwa ameshaigeuza na kunionyesha kitako kabla sijaiona hata sura yake. Namwelewa, alama iko pale. Lakini alama ni dai tu. Mafundi wa China wameandika majina ya wafalme waliokwisha kufa kwa karne nyingi, kwa hiyo tunaisoma alama vizuri, kisha tunakiuliza chombo chenyewe kama kinakubali.

Hatua ya 1: Andaa mahali

Tandika taulo au kanga iliyokunjwa mezani, karibu na dirisha. Kama ni mtungi, ondoa kifuniko kwanza. Futa kitako kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu, wala usisugue: alama nyekundu au ya dhahabu hupakwa juu ya ule utando wa kioo unaong'aa, na inaweza kutoka yote. Ya buluu kwa kawaida iko chini ya utando. Pitisha ukucha, hutahisi kitu. Piga picha, maana kuzungusha picha kwenye simu ni salama kuliko kuzungusha bakuli mikononi.

Hatua ya 2: Iweke alama wima

Herufi husomwa kutoka juu kwenda chini, safu ya kulia ikitangulia. Tafuta 大, inayofanana na mtu aliyesimama akitanua mikono na miguu. Ikikaa juu kulia, umeelekeza sawasawa. Maana yake ni "kuu". Inayofuata ni nasaba: 明, Ming, ni jua na mwezi bega kwa bega, 清, Qing, ina matone matatu ya maji upande wa kushoto. Kisha huja herufi mbili za enzi ya mfalme, na mwisho 年製, yaani "imetengenezwa katika miaka ya". Basi 大清康熙年製 inasema: imetengenezwa enzi ya Kangxi, nasaba kuu ya Qing.

Zikiwa nne tu, nasaba imeachwa na 大 haipo. Ili kuielekeza alama, tafuta kwanza 年製. Zikiwa na pembe nyingi kama vichochoro vya Mji Mkongwe, hayo ni maandishi ya mhuri, yaliyoenea hasa tangu enzi ya Qianlong, 1736 hadi 1795.

Hatua ya 3: Lipime jina

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Kangxi alitawala 1662 hadi 1722, lakini mitungi mingi ya buluu na nyeupe yenye maua ya mplamu wa Kichina juu ya barafu iliyopasuka, na herufi nne za Kangxi, ni ya mwishoni mwa karne ya 19. Wakati huohuo, mafundi wa enzi ya Kangxi mwenyewe waliandika jina la Chenghua wa Ming, aliyetawala 1465 hadi 1487, kwa kuheshimu kazi ya wakati wake. Mwaka 1677 mkuu wa Jingdezhen, mji wa matanuri mkoani Jiangxi, alikataza jina la mfalme lisiandikwe kwenye vyombo, ndiyo maana utakuta duara mbili za buluu zisizo na kitu ndani, au jani peke yake. Duara tupu lisikukatishe tamaa. Mimi hulitazama kwa hamu kuliko jina kamili.

Sasa angalia ukingo wa kitako usio na utando. Mikwaruzo ya matumizi ya kweli huenda huku na huku, mingine mirefu, mingine haionekani bila lenzi. Ikiwa yote inaelekea upande mmoja, kuna aliyeikwaruza makusudi.

Hatua ya 4: Soma herufi za Kilatini

Sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, iliyoanza kazi 1891, ilidai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Neno "China" kwenye kitako basi kwa kawaida huashiria 1891 au baadaye. "Nippon" ni ya Japani hadi 1921, kisha ikawa "Japan". "Occupied Japan" ni ya miaka ya ukaliaji wa Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ulioisha 1952.

Hatua ya 5: Hakikisha si ya Japani

Herufi 九谷 ni Kutani, aina ya kauri ya Japani. Vidutu vichache visivyong'aa katikati ya kitako, vilivyoachwa na vishikizo vya udongo tanuruni, ni dalili nzuri ya Arita, mji wa kauri wa Japani.

Kama hakuna alama

Kauri nyingi za kusafirishwa nje hazikuwekwa alama kabisa. Zile zilizopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi zilitazamisha uso nje, kitako kikazama kwenye chokaa. Kwenye makaburi mengi ya pwani yetu yamebaki mashimo tu. Ukiletewa sahani yenye chokaa kavu iliyong'ang'ania kitakoni, usiinunue. Muulize muuzaji imetoka wapi, kisha wape taarifa watu wa mambo ya kale.