Somo: Gari la zamani linalozima njiani na kukosa nguvu

Gari langu, Corolla ya 1994 yenye injini ya 5A-FE, lilinisumbua kiangazi kizima. Naondoka Isevya, Tabora mjini, asubuhi linakwenda kama jipya, nikikaribia Usoke kwenye njia ya Urambo linazima ghafla kama mtu kageuza ufunguo. Nakaa chini ya mwembe nusu saa, napiga stata, linawaka. Gereji ya kwanza walibadilisha pampu ya mafuta. Ya pili, plagi na nyaya zake. Ya tatu, filta. Kila safari nilirudishiwa gari "limepona", maana kila safari lilifika gereji likiwa limeshapoa.

Ugonjwa wa kuja na kuondoka unaukamata palepale linapozima, kabla halijapoa. Kwa hiyo weka kwenye buti plagi moja nzima ya akiba, multimita (kipimo cha umeme), koleo lenye mpini wa mpira, kipande cha waya na daftari.

Hatua ya 1: Andika linavyozima
Ni injini ya moto au ya baridi? Kwenye sailensi (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) au mwendoni? Tanki limejaa au liko robo? Likikata mara moja bila kusitasita, shuku umeme. Likianza kuvuta na kuachia, likakohoa, ndipo likafa, shuku mafuta au hewa. Kanuni hii ina mapungufu yake, lakini ingeniokolea ile pampu.

Kama dashibodi ina mshale wa mizunguko, utazame linapozima huku gari bado linaserereka kwenye gia. Ukianguka hadi sifuri wakati injini bado inazungushwa na matairi, umeme wa koili, inayotengeneza moto wa plagi, umekatika.

Hatua ya 2: Fungua swichi bila kupiga stata
Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, na balbu ni nzima, kontroli boksi (kompyuta ya injini) haipati umeme: angalia fyuzi ya EFI, yaani mfumo wa kupuliza mafuta, na rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme). Rilei za zamani hupasuka risasi ya kulehemu ndani, zikipata joto zinaachia.

Hatua ya 3: Betri na ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma)
Betri iliyopumzika isome kama volti 12.6, injini ikiwaka 13.8 hadi 14.5. Kisha weka waya mmoja wa multimita kwenye temino hasi, mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, ethi imechoka. Ifungue, isugue kwa msasa, ikaze. Usiridhike kuitazama kwa nje.

Hatua ya 4: Soma kodi (namba ya hitilafu)
Toyota nyingi za miaka hiyo zina kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS karibu na injini. Unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mpigo sawa, hakuna kodi. Kwangu ilitoka 14, alama ya mfumo wa moto wa plagi. Kodi inakuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Hatua ya 5: Moto au mafuta?
Hapa ndipo penye somo lote. Gari limezima, usingoje. Chomoa waya wa plagi moja, uvishe plagi ya akiba, ishike kwa koleo ikigusa chuma cha injini, mbali na petroli, mtu apige stata. Cheche nene ya buluu ni nzuri. Nyekundu dhaifu, au hakuna kabisa, umeshampata mwizi. Mimi sikuona cheche hata moja. Dakika ishirini baadaye ilirudi yenyewe. Koili, ambayo kwenye gari hili imejificha ndani ya distribyuta (kigawa moto kwa plagi), ilikuwa inakatika ikipata joto.

Moto ukiwepo, hamia kwenye mafuta. Kwenye kiboksi kilekile unganisha FP na B+, fungua swichi, sikiliza pampu kwenye tanki. Ikiunguruma haijashinda kesi bado, funga geji ya presha ya mafuta. Magari haya hutaka takriban kilo 2.7 hadi 3.1 za presha kwa sentimita ya mraba.

Hatua ya 6: Hewa
Filta ya hewa kwa vumbi letu hili haihitaji maelezo. Kagua mipira ya vakyumu (inayovutwa hewa na injini), hasa ncha zake, huko ndiko inakopasuka.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Shikamoo fundi. Mimi niko Kaliua. Langu linazima nikikanyaga breki tu, kwenye lami halina shida.
— Marahaba dada. Anza na mpira mnene unaotoka injini kwenda kwenye hydrovac (kisaidizi cha breki). Acha injini sailensi, ubane mpira kwa koleo lenye kitambaa. Sailensi ikitulia na breki haizimi tena gari, hydrovac inavuja hewa. Ukifanya jaribio hilo usiendeshe, breki itakuwa ngumu. Kisipobadilika kitu, safisha valvu ya sailensi, hujaa masizi.

Mkuu, langu halizimi, ila mlima wa Sekenke linapanda kama limebeba tumbaku ya kijiji kizima.
— Pima presha ya mafuta ukiwa unakanyaga, maana filta iliyoziba hudanganya kwenye sailensi. Kisha funga geji ya vakyumu, shikilia mizunguko 2500. Mshale ukishuka polepole badala ya kutulia, masega ya ekzosi (kichujio cha moshi kwenye bomba) yameziba. Sizungumzii yale ya asali ya Sikonge.

Fundi wangu kasema ninunue kontroli boksi.
— Kakupimia nini kabla ya kusema?

Hajapima, kaniambia tu kwa uzoefu.
— Basi mwambie apime ethi na rilei kwanza, wewe ukiwa umesimama pale.

Fundi, tanki langu nikifungua kifuniko linapiga fyuu kwa nguvu. Ina uhusiano?
— Likizima tena, fungua kifuniko palepale upige stata. Likiwaka mara moja, tundu la kupumulia tanki limeziba. Jaribu mara mbili tatu kabla hujaamini.

Nimejaribu leo njia ya Nzega, limewaka mara zote tatu.
— Safisha tundu hilo, pampu iache ilivyo.