Kutafuta ulipokuwa mnara wa taa wa Forodhani kwa ramani za zamani

Hadi Waingereza walipoushambulia mji wa Unguja kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, mbele ya majumba ya sultani pale Forodhani, karibu kabisa na maji, palikuwa na mnara wa taa. Mizinga iliuharibu na baadaye ukaondolewa; Beit al-Hukm, mojawapo ya majumba hayo, nayo ikabomoka. Anayetaka kujua mnara ulisimama wapi hasa asianze na ufuo. Ukingo wa bahari ndicho kitu kilichohama kuliko vyote mjini humo. Anza na kuta za nchi kavu, bahari ije mwishoni.

Ramani kuu ni ile ya mji ya mwaka 1892 iliyochorwa na Imam Sharif, miaka minne tu kabla ya mizinga. Ya pili ni ya nahodha Mfaransa Charles Guillain ya 1846: inafaa kuonyesha ufuo wa zamani zaidi, haifai kupimia mita. Ongeza ramani ya bahari ya Waingereza ya bandari ya Unguja. Za mji ziulizie Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Za bahari, hifadhi ya Ofisi ya Hidrografia ya Uingereza, Taunton. Omba skani ya dpi 400 (nukta 400 kwa inchi), karatasi nzima na pambizo zake. Picha ya simu haifai, lenzi hupinda kingo.

Habari za pambizoni ni nusu ya kazi. Ramani za bahari zilichapwa upya mara nyingi, kwa hiyo mwaka wa chapa si mwaka wa upimaji. Tafuta yote miwili. Kina kimeandikwa kwa pima (mita 1.83) au kwa futi. Ramani ya Kifaransa huenda ikahesabu longitudo kutoka Paris, iliyo 2°20′ mashariki ya Greenwich: Unguja ya 39°11′ itaandikwa 36°51′. Ukitumia pia ramani za serikali za karne ya 20 zilizo kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi wa Afrika Mashariki, kumbuka kwamba zikiwekwa moja kwa moja juu ya GPS husogea mita 300 hivi. Badilisha mfumo kwanza. Kwa Unguja, namba za mifumo hiyo katika programu za ramani ni EPSG:21037 (wa zamani) kwenda EPSG:32737 (wa GPS).

Sasa fungua ramani ya 1892 katika QGIS, programu ya bure ya ramani, kwenye kifaa cha Georeferencer, kinachofunga ramani ya zamani kwenye viwianishi vya leo kwa kuoanisha pointi zake na picha ya setilaiti. Weka pointi 8 hadi 10 juu ya vitu vilivyokuwepo wakati huo na vipo leo: minara ya pembeni ya Ngome Kongwe, pembe za jumba la Beit al-Ajaib (1883), kanisa la Mkunazini, mnara wa Msikiti wa Malindi. Zitawanye kuanzia mtaa wa Shangani hadi ule wa Malindi, na nyingine ndani ya mji. Zikirundikana Forodhani peke yake, ramani itazunguka kidogo na usijue.

Vitu vya kukwepa ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Beit al-Sahel ya leo, jumba jingine la sultani, ilijengwa upya baada ya mizinga. Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib uliongezwa 1897, na tangu Desemba 2020, sehemu ya jumba ilipoporomoka, picha za setilaiti zinaonyesha umbo jingine. Chagua pembe zilizobaki. Bustani ya Forodhani ni ya miaka ya 1930 na ilikarabatiwa 2009. Bandari ya Malindi ni ya miaka ya 1920. Usifunge ramani kwa kimojawapo.

Chagua polinomia ya daraja la kwanza, yaani njia inayosogeza, kuzungusha na kunyoosha ramani nzima kwa pamoja. Pointi tatu zinatosha kuiendesha, lakini kosa litasomeka sifuri hata kama umekosea, kwa hiyo sifuri hiyo isikufurahishe. Ukiwa na nane, kila pointi inaonyesha kosa lake. Yenye kosa mara mbili ya wenzake ikague upya, na uifute pale tu unapojua sababu. Usikimbilie njia ya kunyumbua ramani. Hiyo huvuta kila pointi mahali pake, kisha inauficha uongo katikati.

Ukishaweka alama ya mnara, hesabu duara la shaka, yaani umbali ambao alama inaweza kuwa imekosea. Katika kipimo cha 1:5,000, mstari wa wino wa nusu milimita ni mita 2.5 ardhini. Kosa la kufunga likiwa mita 4 na la picha ya setilaiti mita 3, zidisha kila moja ya namba hizo tatu kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: karibu mita 6.

Hakiki kwa picha ya zamani iliyopigwa kutoka baharini. Angalia mnara unaangukia nguzo ya ngapi ya baraza ya Beit al-Ajaib, hesabu kutoka pembeni, kisha chora mstari huo. Picha mbili kutoka pande tofauti hutoa mistari inayokatana. Ikikatana nje ya duara lako, rudi kwenye pointi.

Ufuo uchore mwishoni. Bamvua hapa hupanda na kushuka kama mita 4; ufuo wenye mteremko wa 1 kwa 20 huhama mita 80 kati ya maji kujaa na kupwa, na mchoraji huenda alichora mstari wowote kati ya hiyo. Nenda na GPS wakati wa maji kupwa ya bamvua. Piga picha, lakini usichimbe hata kidogo: Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000, na kugusa ardhi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.