Donge haliondoki? Namna ya kulifuatilia mpaka ujue ni kansa au siyo

Assalaam aleikum jamani. Haya ninayoandika ni kwa yule aliyegusa kitu mwilini mwake akanyamaza, au mama ake kamwambia kwa siri na sasa hajui aanzie wapi. Nataka tufatane kuanzia nyumbani mpaka kwenye matibabu, na kote huko kuna kitu kimoja nitakirudia mpaka mnichoke, nacho ni majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo cha nyama ya donge kinachotolewa kikapimwe maabara. Kwa madonge mengi, bila ya hayo majibu hakuna mtu anaejua kwa hakika kama ni kansa, si mganga, si shangazi, na hata daktari mwenyewe anakisia tu.

Kwanza jua inavyoanza. Mwili wetu umejengwa kwa seli, na seli zinajigawa kila siku ili zizibe pengo la zilizokufa. Kila ikijigawa inanakili maelekezo yake, yale ya DNA, na pengine hunakili vibaya. Makosa mengi mwili unayarekebisha au ile seli inajiua yenyewe, lakini makosa yakirundikana miaka na miaka inatokea seli moja haisikii tena amri ya kusimama, inazaa tu, ndio linakuja donge. Sasa si kila donge ni kansa, kuna la mafuta chini ya ngozi, kuna fibroidi za kizazi, hayo yanakaa palepale. La kansa ndilo linalopenya nyama ya jirani na kutembea kwa njia ya damu na limfu (majimaji yanayopita kwenye mishipa yake mwilini) mpaka kwenye ini, mapafu, mifupa. Na kansa ya ziwa, yaani titi, ikifika kwenye mfupa inabaki kuwa kansa ya ziwa, inatibiwa kwa dawa za ziwa.

Dalili watu wanazozipuuza ni zile zisizouma. Donge la kansa ya ziwa mwanzoni aghlabu haliumi kabisa, na sie tumezoea kisichouma si ugonjwa, basi mtu anangoja. Usingoje. Angalia pia chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, na ngozi ya ziwa iliyofanya vishimo kama ganda la chungwa. Kwa mwanamke damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, hiyo hata ikitoka mara moja nenda. Kidonda cha mdomo kilichopita wiki 3 hakiponi. Chakula kukwama kooni, kwanza mkate, baadae hata uji. Mkojo wa damu. Mzee anaekojoa kwa shida usimtangazie kansa ya tezi dume, wengi ni tezi imetanuka tu, lakini akapimwe. Mtoto akipigwa picha ya fleshi jicho moja likang'aa jeupe, au taya likavimba haraka haraka, huyo apelekwe siku hiyohiyo.

Inatoka wapi? Umri ndio wa mwanzo, halafu sigara, pombe, unene. Za kurithi ni chache, kama 5 mpaka 10 katika kila kansa 100. Lakini kwetu kuna mambo yetu. Tambuu, najua nitachukiwa hapa, popoo peke yake bila hata ya tumbaku inaleta kansa ya mdomo, sasa ukitia na tumbaku ndio umezidisha. Kichocho nacho, kile tunachokijua vizuri Unguja na Pemba, mayai ya yule mnyoo yanakaa kwenye ukuta wa kibofu miaka mingi yanauchoma na mwisho kibofu kinaweza kushika kansa, kwa hivyo mtoto akiletewa vidonge vya praziquantel skuli ameze, asivitupe njiani. Homa ya ini B, pamoja na mahindi na njugu zilizoota ukungu, hizo ni njia za kansa ya ini. Na kansa ya mlango wa kizazi karibu yote inatokana na kirusi cha HPV, aina ya 16 na 18 peke yake zinaleta kama asilimia 70. Chanjo yake ipo nchini tokea 2018, na tokea 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Wakubwa wao kipimo ni cha siki, daktari au nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, pakigeuka peupe pana jambo, tena mabadiliko yenyewe yanatibika kabla hayajawa kansa. Kirusi kinaambukiza, kansa yenyewe haiambukizi, kuleni naye sinia moja.

Haya, hospitali. Kituo cha karibu watakuandikia barua, kwa Unguja aghlabu utaishia Mnazi Mmoja, kwa Pemba Abdalla Mzee kule Mkoani. Nenda na mtu, kwa sababu ukisikia neno kansa masikio yanaziba na yaliyobaki husikii. Mwambie daktari limeanza lini na limekuwa vipi, na ukiona haya omba daktari mwanamke, usiseme "tumbo tu linaniuma" ukarudi na panado.

Watakugusa, pengine ultrasaundi, halafu kinyama, kwa sindano au kwa kukata kidogo. Hapa ndipo watu wanapokimbia, ati kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Kwa donge kama la ziwa, kutoa kinyama hakuisambazi, kinachotokea ni kwamba mtu anakwenda imeshatembea tayari, akikatwa baadae akifa kisu ndio kinalaumiwa. Uliza maswali 3: kinyama kinakwenda maabara gani, majibu lini, nayafuata kwa nani. Hakikisha kichupa kimeandikwa jina lako. Na ukitolewa donge zima, popote pale, sema lipimwe, usikubali litupwe kwa kuwa "linaonekana la kawaida".

Majibu yakitoka piga picha na simu karatasi zote, maana faili linapotea. Soma gredi na stegi, si kitu kimoja na watu wanalia bure hapa. Gredi ni seli zinavyoonekana kwenye hadubini, zimeharibika kiasi gani. Stegi, 1 mpaka 4, ni imefika wapi mwilini, na hiyo mara nyingi haijulikani mpaka upige eksirei au picha ya CT. Kwa hivyo "gredi 3" si "stegi 3". Kwa ziwa uliza na vipimo vya homoni na HER2 (protini iliyo juu ya seli za kansa), ndivyo vinavyochagua dawa.

Matibabu ni opareshini, dripu (dawa kali za kuua kansa zinazopitishwa mshipani), mionzi na vidonge vya homoni, pengine yote pamoja. Wetu wengi mionzi wanaifuata Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, si mbali na boti zinaposhusha. Tatizo si nauli ya boti, mionzi inapigwa karibu kila siku za kazi kwa wiki kadhaa, sasa tafuta ndugu wa kukaa kwake kabla hujavuka. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, ukirudi nyumbani mbebe mtoto.

Dripu aghlabu ni kila baada ya wiki 2 au 3. Nywele zinaanguka, zinaota tena. La kuogopa ni homa, ikifika 38 hospitali hapohapo hata usiku wa manane, kinga inakuwa chini na mgonjwa anaweza kufa kwa siku moja. Dua, zamzam, endelea, sikukatazi, lakini habbasoda na mizizi mwambie daktari, nyengine zinagongana na dawa. Ramadhani mgonjwa ana ruhusa, atalipa, na asieweza kulipa ana fidia.

Na maumivu yakiwa makali usimwache mzee anaguna usiku kucha mkasema asubiri. Ipo mofini ya maji ya kunywa, daktari ndio anaandika, inatolewa kwa saa maalumu na si mpaka aumwe, na inafunga choo kwa hivyo ombeni na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo.