Mbwa anayejikuna mwaka mzima: kupika chakula cha kupima mzio, kisha cha kumlisha siku zote

Chakula cha kupika nyumbani kina kazi mbili kwa mbwa mwenye ngozi isiyopona, na kila kazi ina masharti yake. Kwanza ni kipimo: kinaonyesha kama chakula ndicho kinachomwasha. Baada ya hapo ni lishe ya kila siku, na hapo ndipo virutubisho vinapaswa kutimia. Ukichanganya kazi hizi mbili hutajua kinachomdhuru, na unaweza kumsababishia upungufu wa madini unaoharibu ngozi ileile.

Usianze kupika kabla ya kumaliza mambo ya nje. Viroboto wachache tu wanatosha kumwasha mbwa mwenye mzio wa mate yao, kwa hiyo dawa ya viroboto iendelee mwezi hadi mwezi. Daktari wa mifugo akwangue ngozi kutafuta utitiri wa upele, aangalie pia bakteria na fangasi. Ngozi yenye harufu nzito, mafuta na weusi huwa imeshavamiwa, na hakuna chakula kitakachoondoa maambukizi hayo peke yake.

Mzio wa chakula hushukiwa pale mbwa anapowashwa bila kujali msimu, masikio yanachafuka tena baada ya kila tiba, analamba nyayo hadi manyoya yanakuwa na rangi ya kutu, na ana wekundu kwapani au kuzunguka mkundu. Wengine huwa na kinyesi laini pia. Vipimo vya damu, mate au manyoya havitoi jibu la kuaminika. Jibu hutoka kwenye bakuli.

Orodhesha kila kitu alichowahi kula, pamoja na vitafunwa, kisha chagua nyama moja na wanga mmoja visivyomo kwenye orodha. Nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano ndivyo hushutumiwa mara nyingi, kwa sababu ndivyo mbwa wengi wanavyolishwa. Angalia na undugu wa nyama: anayedhuriwa na ng'ombe anaweza kudhuriwa na kondoo au mbuzi, na wa kuku akadhuriwa na bata. Sungura na viazi vitamu ni mwanzo mzuri ikiwa hajawahi kuvila.

Kiasi kisikadiriwe kwa macho. Chukua uzito wa mbwa kwa kilo, uzidishe wenyewe kwa wenyewe mara tatu, tafuta kipeuo cha pili mara mbili mfululizo, kisha zidisha kwa 70. Kwa mbwa wa kilo 10: 10 × 10 × 10 ni 1000, kipeuo chake ni 31.6, kipeuo cha hiyo ni 5.6, mara 70 unapata takriban kilokalori 394. Mbwa mzima aliyehasiwa huhitaji kama mara 1.6 ya hapo, yaani 630 kwa siku. Kiasi hicho kinapatikana hivi, vyote vikipimwa baada ya kuiva:

– nyama ya sungura isiyo na mfupa, gramu 200
– viazi vitamu vilivyomenywa na kuchemshwa, gramu 250
– mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, kijiko 1 cha chai

Chemsha nyama kwa maji matupu hadi iachie mfupa. Mifupa ya sungura ni myembamba na hupasuka kuwa vijiti vyenye ncha, basi pitisha nyama yote kati ya vidole kabla ya kuipima. Ponda viazi kwa mchuzi kidogo wa nyama ileile. Usitie chumvi, kitunguu, kitunguu saumu wala kiungo cha mchuzi. Vitunguu vya aina zote mbili huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Chakula cha siku tatu kikae kwenye jokofu, kinachobaki kigandishwe kwa mafungu ya siku moja moja.

Badilisha chakula taratibu kwa siku 5 hadi 7, kisha hesabu wiki 8 kuanzia siku chakula cha zamani kilipokoma kabisa. Tumbo hutulia mapema, ngozi huchelewa, na wengi hukata tamaa wiki ya tatu au ya nne. Kila Jumapili piga picha za tumbo, kwapa na nyayo kwenye mwanga uleule, na uandike alama ya kujikuna kati ya 0 na 10. Bila kumbukumbu utabaki unabishana na familia.

Kipimo hiki huharibiwa na vitu vidogo: dawa ya minyoo ya kutafuna yenye ladha ya nyama, kidonge kilichofichwa kwenye jibini, vidonge vyenye ganda la jelatini, bakuli la paka, makombo chini ya kiti cha mtoto. Dawa za steroidi, yaani za kutuliza uvimbe na kuwashwa, nazo hudanganya. Zikihitajika mwanzoni ni sawa, lakini mbwa akae kwenye chakula cha kipimo angalau wiki mbili baada ya kuziacha kabla hujatoa hukumu.

Akipata nafuu, mrudishie chakula cha zamani. Hatua hii inauma kuichukua, lakini bila hiyo huwezi kujua kama nafuu ilitokana na chakula au na dawa ya viroboto. Kuwashwa kukirudi ndani ya siku 14, umethibitisha. Rudi kwenye sungura hadi atulie, kisha jaribu kitu kimoja kimoja kwa wiki mbili. Asipopata nafuu kabisa, huenda ana mzio wa vumbi au chavua, na matibabu yake ni mengine.

Mapishi ya hapo juu hayafai kuwa chakula cha kudumu. Yana upungufu mkubwa wa kalisiamu, na zinki, shaba, iodini, vitamini D na E hazitoshi. Upungufu wa zinki huleta magaga kuzunguka macho na mdomo, ambayo ni rahisi kuyadhania kuwa mzio umerudi. Kwa kalisiamu, nusu kijiko cha chai cha unga laini wa maganda ya mayai hutoa takriban miligramu 900 hadi 1000, inayotosha mlo huu wa siku. Wakati wa kipimo tumia kalisiamu kaboneti safi badala yake, maana maganda huweza kubeba protini ya yai. Madini mengine yapangwe na mtaalamu wa lishe ya mifugo kulingana na mapishi yako. Ini lisitolewe zaidi ya mara chache kwa wiki, la sivyo vitamini A itapita kiasi.

Mafuta ya samaki yaongezwe baada ya kipimo: miligramu 50 za EPA na DHA (aina mbili za mafuta ya omega-3) kwa jumla kwa kila kilo ya mbwa. Soma lebo vizuri, kwa kuwa kidonge cha miligramu 1000 za mafuta mara nyingi kina 300 tu za EPA na DHA. Anza na robo ya kiasi hicho ili asiharishe. Usitumie mafuta ya ini la samaki.

Watoto wa mbwa, majike wenye mimba na mbwa wenye ugonjwa wa figo au kongosho wasianzishiwe mpango huu bila daktari. Kwa wengine wote, pima uzito kila wiki mbili; akipungua au akinenepa, badilisha chakula chote kwa asilimia 10, si nyama peke yake.