Kumwandaa mbwa au paka kwa safari ya ndege kwenda nchi nyingine

Mnyama anapozuiwa uwanjani, mara nyingi yeye mwenyewe ni mzima kabisa. Kilichoharibika ni tarehe. Chanjo ilitangulia chipu ya utambulisho, damu ya kipimo ilichukuliwa mapema mno, au cheti cha afya kilitolewa wiki moja kabla ya wakati wake. Kwa hiyo anza na kalenda, uihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kutua. Nchi nyingi zinakupa nafasi ukianza miezi 5 kabla. Kwa Japani au Australia hesabu miezi 8, na usione ni mingi.

Hatua ya kwanza ni chipu hiyo, kifaa kidogo chenye namba ya mnyama, kinachowekwa chini ya ngozi kati ya mabega. Iwe ya viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, yenye tarakimu 15. Ndipo ifuate chanjo ya kichaa cha mbwa, siku hiyohiyo au baadaye. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba aliyechanjwa ndiye huyu anayesafiri. Mwombe daktari wa mifugo apitishe kisomaji cha chipu kabla ya kila sindano na kila kipimo, na namba ilinganishwe na karatasi tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa kwenye cheti, kwa afisa wa forodha huyo ni mnyama mwingine.

Umoja wa Ulaya unataka mnyama awe na umri wa wiki 12 au zaidi anapochanjwa, kisha zipite siku 21. Akitoka nchi isiyo kwenye orodha yao ya nchi zilizosamehewa kipimo, kinaongezeka kipimo cha damu cha kingamwili: damu ichukuliwe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa, majibu yawe angalau 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita, halafu zipite miezi 3 tangu siku damu ilipochukuliwa. Japani inataka chanjo mbili, kipimo cha damu, kusubiri siku 180, na taarifa kwa ofisi yao ya karantini siku 40 au zaidi kabla ya kufika. Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, mbwa anayeingia lazima awe ametimiza miezi 6, awe na chipu na fomu ya CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa; akitoka nchi yenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, masharti yanaongezeka. Uingereza inataka mbwa apewe dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, na daktari aandike saa, si tarehe peke yake. Masharti haya hubadilika, hivyo yasome kwenye tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda, na usiache nchi mnayobadilishia ndege.

Angalia pia chanjo isiishe muda njiani. Ya marudio ikichelewa hata siku moja, inahesabiwa kuwa chanjo ya kwanza, na kusubiri kote kunaanza upya.

Cheti cha afya huja mwishoni. Kwa Ulaya kinatolewa ndani ya siku 10 kabla ya kufika, na kama daktari wako ni wa binafsi, lazima kigongwe muhuri na daktari wa serikali. Weka miadi ya muhuri huo mapema, maana ofisi ikifungwa kwa sikukuu, siku 10 huyeyuka haraka.

Sasa kizimba cha safari, na hapa usiharakishe. Msimamishe mnyama, umpime kwa sentimita: A, kutoka pua hadi shina la mkia, B, kutoka sakafu hadi kiwiko, C, upana wa mabega, D, kutoka sakafu hadi ncha ya masikio au utosi, kipi kipo juu zaidi. Urefu wa ndani wa kizimba ni A jumlisha nusu ya B, upana ni C mara mbili, na kimo ni D pamoja na unene wa tandiko. Mbwa mwenye A 70, B 30, C 25 na D 60 anahitaji urefu wa 85, upana wa 50, na kimo cha kama 63 kwa tandiko la sentimita 3. Mnyama asiyeweza kusimama na kugeuka ndani anakataliwa kaunta, na ni haki akataliwe.

Vipande viwili vya kizimba vifungwe kwa bolti na nati za chuma, kwani klipu za plastiki hufyatuka kizimba kikigongwa. Kiwe na matundu ya hewa pande zote nne, na magurudumu yang'olewe. Vyombo vya chakula na maji vifungwe ndani ya mlango, vijazike bila kuufungua. Chombo cha maji kigandishe usiku uliotangulia: barafu haimwagiki wakati wa kupakia, na huyeyuka taratibu. Tandika pedi za kunyonya mkojo, si nyasi wala majani makavu, ambayo nchi nyingi haziyaruhusu.

Kizimba kiingie nyumbani wiki kadhaa kabla, mlango wazi, chakula ndani. Akishalala humo mwenyewe, funga dakika 10, kisha saa moja, kisha usiku mzima.

Dawa ya usingizi usimpe. Hushusha shinikizo la damu na kuvuruga uwezo wa mwili kudhibiti joto, na angani hakuna wa kumwangalia. Wenye pua fupi, kama mbwa wa aina ya pagi na buldogi, na paka wa Kiajemi, wako hatarini zaidi kwa sababu hupoza mwili kwa shida. Mashirika mengi huwakataa kwenye sehemu ya mizigo, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi yako.

Siku ya safari mpe mlo mwepesi saa 4 hadi 6 kabla ya kuondoka, maji hadi mwisho, na matembezi marefu. Nakala za karatasi zote zibandike juu ya kizimba. Halisi zibaki mkononi mwako.

Mkifika, fungua kizimba ndani ya chumba kilichofungwa, kamwe si kwenye maegesho. Anza na maji, kisha chakula kidogo. Siku hiyohiyo badilisha namba ya simu kwenye rejista ya chipu, kwa sababu mnyama aliye ugenini akitoroka hajui njia ya kurudi.