Namna ya kujaribu vifaa vinavyokata moto wa boila

Mwongozo huu ni wa waendesha boila (mtambo wa kuchemsha maji ili utoe mvuke) na mafundi wa huku kwetu Moshi na Arusha: viwanda vya nguo na ngozi, wasindikaji wa maziwa, hospitali, hoteli zenye dobi kubwa. Karibu kila chumba cha boila kina vifaa vya kukata moto vyenyewe bila mkono wa mtu, na kwenye paneli taa ya kijani inawaka. Lakini uliza ni lini mara ya mwisho kifaa hicho kilikata moto kwa sababu maji yalipungua kweli, uone kama kuna atakayekujibu. Taa ya kijani inakuambia umeme upo. Haikuambii kama floti, yaani boya linalopanda na kushuka na maji na kuiendesha swichi, bado inashuka.

Hatua zifuatazo zifanywe na mtu aliyefundishwa kuendesha boila, na asiwe peke yake. Waarifu walio kwenye uzalishaji kwamba mvuke utapungua kwa muda. Vaa glovu za ngozi, miwani na mikono mirefu: maji yaliyo ndani ya boila ya bar 7 yana joto la nyuzi 170 hivi, na yakitoka nje sehemu yake inageuka mvuke papo hapo.

Hatua ya 1: Jua nini kinakata nini

Chukua karatasi, ufuate waya mmoja mmoja kutoka kwenye boila hadi kwenye paneli. Boila nyingi za mafuta au gesi zina swichi mbili za maji kidogo. Ya kwanza inazima kichomeo maji yakishuka, na yakipanda inakiruhusu kiwake tena. Ya pili imewekwa chini zaidi, na ikikata inajifunga mpaka mtu aje abonyeze kitufe kwa mkono. Halafu ipo swichi ya presha ya juu na lipo jicho linalotazama kama moto unawaka. Valvu ya usalama yenyewe haizimi chochote. Kazi yake ni kutoa mvuke wakati wengine wote wameshindwa.

Ukiwa kwenye paneli, angalia kama kuna kipande cha waya kilichounganisha ncha mbili za swichi ya maji ili umeme upite bila kuijali. Nasema hivi kwa sababu najua kinavyofika pale. Floti inasumbua, moto unakatika kila baada ya dakika chache, kazi imesimama, mtu anasema tupitishe tu hapa hadi Jumamosi fundi aje. Jumamosi inapita, na wa zamu nyingine hajui. Ukikikuta, simamisha boila siku hiyohiyo. Boila isiyo na swichi kabisa ina heri, kwa kuwa mwendeshaji wake anajua hana, na macho yake hayatoki kwenye kioo kinachoonyesha kiwango cha maji.

Hatua ya 2: Safisha kioo cha maji kwanza

Kioo ndicho shahidi wako katika majaribio yote yanayofuata. Kikiziba kinaonyesha maji yaliyosimama ndani yake huku boila inakauka.

Funga koki ya maji ya chini, kisha fungua koki ya kumwagia: mvuke utoke kwa nguvu. Funga koki ya mvuke ya juu, fungua ya maji: maji yatoke kwa nguvu. Sasa funga ya maji, fungua ya mvuke, funga ya kumwagia, mwisho fungua ya maji. Maji yapande upesi kwenye kioo na kutulia mahali pake. Yakipanda polepole kama yanayojikokota, njia ya chini ina uchafu, na majaribio yaishie hapo hadi isafishwe.

Kama hayakupanda kabisa, maji yako chini ya kioo. Zima moto na usiongeze maji. Utashawishika kuwasha pampu, ujizuie. Chuma kilichobaki bila maji juu ya moto kimepoteza nguvu zake, na maji yanayokigusa yanageuka mvuke ghafla (lita moja ya maji, kwa presha ya kawaida ya hewa, inatoa mvuke wa zaidi ya lita 1,600). Acha ipoe yenyewe, umwite mkaguzi.

Hatua ya 3: Mwaga maji ya chumba cha floti, kila siku

Kichomeo kikiwa kinawaka, fungua taratibu koki iliyo chini ya chumba cha floti. Sikiliza kwa mpangilio: kwanza pampu iwake, kisha kengele ilie na kichomeo kizime. Fanya vivyo kwa chumba cha pili. Hicho kikizima, boila ijifunge. Funga koki, subiri maji yarudi, bonyeza kitufe.

Watu wengi wanaishia hapa, na jaribio hili lina udhaifu mkubwa. Maji yanayotoka kwa kasi yanaweza kuitingisha floti iliyokwama ikashuka, jambo ambalo maji yanayopungua polepole kazini yasingelifanya. Tena unajaribu chumba cha floti tu. Bomba linalokiunganisha na boila likiwa limejaa tope, chumba kitabaki na maji yake huku boila inakauka pembeni. Ndiyo maana ipo hatua ya 4.

Hatua ya 4: Acha maji yapungue kweli, kila wiki

Hili ndilo jaribio ninalokuomba usilikose hata kama mengine yamekushinda.

Punguza moto uwe wa chini. Zima pampu ya maji kwa swichi yake. Simama mbele ya kioo, mwenzako akae kwenye kitufe cha kuzimia cha dharura. Kwenye bamba karibu na kioo kuna alama ya kiwango cha chini kabisa cha maji; kama imefutika, itafute kwenye kitabu cha boila uichore upya kabla ya kuanza. Sasa ngoja. Maji yanashuka kadiri mvuke unavyotumika, na itachukua muda. Usitoke kupokea simu, wala usijibu anayeita mlangoni.

Swichi ya kwanza ikate moto maji yakiwa bado yanaonekana kwenye kioo, juu ya ile alama. Maji yakifika kwenye alama na moto bado unawaka, mwenzako abonyeze kitufe cha dharura palepale. Hakuna cha kusubiri kidogo tuone. Boila hiyo haiwashwi tena hadi floti na bomba lake vifunguliwe na kusafishwa.

Swichi ya pili nayo ijaribiwe kwa njia hii, ya kwanza ikiwa imeondolewa kazini kwa ufunguo maalumu wa majaribio uliotengenezwa na kiwanda cha boila. Kama paneli yako haina ufunguo huo, mwachie kazi hiyo fundi wa boila. Usianze kuunga waya.

Kila mara andika kwenye daftari la boila saa, jina la aliyejaribu, na kiwango cha maji kwenye kioo kwa sentimita wakati moto ulipokata. Neno «sawa» peke yake halisaidii. Wiki hii moto ukikatika kwa sentimita 6, wiki ijayo 5, inayofuata 4, unaiona floti ikizidi kuchelewa kushuka kabla haijakwama.

Kama boila yako inatumia elektrodi

Hapa hakuna floti. Kuna fimbo za chuma zinazogusa maji na umeme kidogo unapita kwenye maji hayo. Ncha ya fimbo ikishika magamba, mfumo unadhani maji hayapo na kuzima moto. Hilo ni usumbufu, ila ni usumbufu salama. Hatari iko juu, kwenye kihami cha fimbo, yaani sehemu isiyopitisha umeme: kikichafuka na kulowa, umeme unapita hapo, na paneli inaamini maji yapo hata kama yameisha.

Povu nalo linadanganya namna hiyohiyo. Maji ya pande za Meru na Arusha yanajulikana kwa floridi, lakini kwa boila kinachosumbua zaidi ni magadi yake. Yakichemshwa kwa presha, magadi hayo yanavunjika, ukali wa maji unapanda, na povu linainuka hadi kwenye fimbo. Elektrodi inaligusa povu na kusema maji yapo. Dawa ni kupima maji ya boila mara kwa mara na kumwaga ya chini kwa kiasi kinachotakiwa. Mipangilio ya blodauni (huko kumwaga maji ya chini) uliyoletewa kutoka kiwanda cha mji mwingine usiifuate bila kupima maji yako mwenyewe.

Na kwa kuwa tumefika kwenye maji: Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 95. Tangi la kulishia boila likipashwa hadi kukaribia hapo, pampu inavuta mvuke badala ya maji, inazunguka bure, na boila inapungukiwa. Swichi ya maji kidogo ikikata mara kwa mara mchana wakati tangi lina joto kali, chunguza tangi kwanza kabla ya kuilaumu swichi.

Hatua ya 5: Presha ya juu

Usipandishe presha ili kujaribu swichi. Shusha kiwango cha swichi yenyewe, polepole, hadi kilingane na presha inayosomeka kwenye geji wakati huo. Kichomeo kizime na kujifunga. Kisha kirudishe kwenye alama yake, na alama hiyo iwe imechorwa kwa rangi ili isibahatishwe. Swichi ikichelewa, angalia bomba lililojikunja linaloibeba. Huziba kwa tope, na geji iliyo juu ya bomba hilohilo huganda nayo.

Valvu ya usalama inua kwa mkono wake presha ikiwa angalau asilimia 75 ya kiwango chake cha kufunguka, ili mvuke uwe na nguvu ya kufukuza uchafu kwenye kiti cha valvu. Ukiiinua presha ikiwa ndogo, uchafu unabaki hapo na valvu inaanza kuvuja. Inayovuja inarekebishwa, haining'inizwi uzito wala kukazwa.

Hatua ya 6: Jicho la moto

Kichomeo kikiwaka, chomoa jicho na ulifunike kwa kiganja. Valvu ya mafuta ifunge ndani ya sekunde chache na paneli ijifunge. Thibitisha kwa kuchungulia kwenye tundu: moto umezimika kweli, au kuna ulimi mdogo unaoendelea kwa mafuta yanayovuja? Kabla ya kuwasha tena, feni isafishe tanuri hadi muda wake uishe wote.

Kwa wanaochoma kuni, maranda, maganda ya kahawa au makapi ya miwa

Ndugu zangu, kwenu neno «kukata moto» lina maana nyingine. Swichi ya maji inaweza kuzima feni na mashine ya kulisha, lakini makaa yaliyo kwenye wavu yanaendelea kutoa joto. Kwa hiyo kiwango cha kukatia kwenu kiwe juu zaidi kuliko cha boila ya mafuta yenye ukubwa uleule, ili maji yatakayobaki yatoshe joto lililobaki. Jaribu kwa hatua ya 4, ila baada ya feni kuzima endelea kutazama kioo na uandike maji yanashuka kiasi gani zaidi. Hicho ndicho kipimo chenu muhimu. Kama bado kuna pampu ya akiba isiyotegemea umeme, nayo ijaribiwe siku hiyo.

Boila za zamani zina kizibo cha kuyeyuka juu ya tanuri: maji yakikosekana kinayeyuka kwa joto na kuachia mvuke utoke. Wazo hilo lina zaidi ya miaka 200: mwaka 1803 boila ya mhandisi Richard Trevithick ililipuka Greenwich, karibu na London, ikaua watu, naye baadaye akaweka valvu 2 za usalama na kizibo cha risasi. Vizibo vingi vya sasa vina bati, ambalo huyeyuka kwa nyuzi 232. Kizibo kikifunikwa na magamba hakifanyi kazi kama kilivyokusudiwa, kwa hiyo kibadilishwe kwa ratiba hata kama kinaonekana kizima.

Wenye tabaini ndogo (mashine zinazozungushwa na mvuke) za kuzalisha umeme: kifaa chenu kikuu ni kile kinachofunga mvuke mashine ikizidi kasi, kwa kawaida ikivuka kwa asilimia 10. Ya mizunguko 1,500 kwa dakika ikate karibu na 1,650. Jaribio la kasi yenyewe lisimamiwe na mtaalamu wa mashine hiyo, lakini wenzo wa kufungia kwa mkono mnaweza kuujaribu wenyewe kila mnapowasha, mkiona valvu inafunga hadi mwisho.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika

Hili halimo katika vitabu vingi vya boila, na huku kwetu ni la kila wiki. Ifanye boila ijifunge kwa swichi ya pili ya maji. Usibonyeze kitufe. Zima swichi kuu ya paneli, subiri dakika moja, washa. Boila ibaki imejifunga. Ikianza kujiwasha yenyewe, maana yake kila umeme unapokatika kosa linasahauliwa, na boila iliyokosa maji inaweza kuwaka tena jenereta inapoingia, kabla mtu hajaangalia kioo.

Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wanakuja kwa ratiba yao chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003. Hili usiwasubiri. Mwite fundi umeme abadilishe mpangilio wa rilei, yaani swichi za ndani ya paneli zinazoendeshwa na umeme. Hadi atakapomaliza, bandika karatasi kwenye paneli: umeme ukikatika, swichi kuu ya boila izimwe kwa mkono kabla jenereta haijawashwa, na atakayeiwasha awe ameona maji kwenye kioo kwanza.